Programu ilonivua nguo Mkunguni

Haya mambo yashapita na mwenyewe nshaanza kuyacheka, kwa hivyo acha niwape, ila nyinyi mnaonijua huku Langoni, Lamu, mkisoma mnyamaze tu.

Mimi nlikuwa na tabia ya kuangalia zile video. Mnazijua, tusizungushane. Miaka mitatu hivi, usiku, simu ndani ya shuka, sauti sifuri. Na si kwamba ni mtu mbaya, naswali, naheshimu wakubwa, Ramadhani ikiingia naacha mwezi mzima wala sihisi kitu, mpaka nikawa najiambia aa hii si shida, nikitaka kuacha ntaacha. Halafu Idd mosi usiku, pilau bado liko kooni, nshafungua. Idd moja nlifungua kabla hata sijavua kanzu, ndo nikajua hapa pana kazi.

Nina rafiki yangu anaitwa Athman, ni tabibu, nikamtolea siri. Hakucheka (alicheka kidogo). Akaniambia Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yao ya maradhi, hiyo ICD-11 iloanza kutumika 2022, wameliweka tatizo la mtu kushindwa kujizuia na mambo ya ngono mpaka maisha yake yanaharibika, wala hawakuliita uraibu, na kwamba mimi sijafika huko nisijipe cheo.

"Simu yako inalala wapi?"

"Chini ya mto."

"Basi kuanzia leo ilale sebuleni."

Halafu akasema niweke programu ya kuzuia na nichague mtu wa kunisimamia, nikiteleza yeye anapata meseji, na namba ya siri ya kuitoa inaenda kwake sio kwangu, manake ukijifungia mlango na ufunguo uko mfukoni mwako hujajifungia kitu. Nikaona sawa kabisa. Usiku uleule nikaiweka.

Sasa hizi programu zinavofanya kazi, unaipa ruhusa isome kila kinachotokea kwenye skrini, ikiona neno la aibu inafunga ukurasa na inahesabu. Tabu ni kwamba yangu ilitengenezwa kwa Kiingereza, Kiswahili haijui hata shikamoo, lakini inakubali uongeze maneno yako mwenyewe. Nikaongeza matatu. La kwanza "uchi". La pili "tako". La tatu siliandiki hapa, watu wazima tushaelewana. Nlichokuwa sijui ni kwamba haiangalii neno zima, yenyewe inatafuta zile herufi zikifuatana tu, popote zilipo, hata zikiwa zimejificha tumboni mwa neno jingine la heshima zake.

Mahali pa msimamizi nikaandika Ath, yakatoka majina mawili: Athman Ami na Athman Tabibu. Mimi na usingizi, na kidole changu mnakijua. Nikabonyeza, nikalala, wallahi nlilala kama mtoto.

Ami Athman ni ndugu yake baba. Wiki ile ndo tulikuwa tunapanga harusi ya dada yangu, yeye mwenyekiti, mimi katibu, na kila kitu kiko kwenye grupu la WhatsApp. Asubuhi nikaamka nikaanza kazi ya ukatibu. Nani atasimamia kuchinja ng'ombe. Vijana wa kuchimba meko wamepatikana. Viti tutakodi wapi. Kuni zitakosekana tusipoagiza mapema. Lini tunamaliza, yaani nani wa kumalizia mchango.

Hebu yasomeni tena hayo maneno polepole. Kuchinja. Kuchimba. Tutakodi. Zitakosekana. Na hilo la kumalizia, msome mwanzo wake halafu mwombe istighfari.

WhatsApp ikawa inajifunga kila dakika, nikaifungua, ikajifunga, mimi nikalaumu mtandao, huku kwetu mtandao ndo wa kulaumiwa siku zote. Baada ya alasiri nikampigia Athman nijisifu kidogo, nikamwambia leo siku nzima sijaangalia hata picha ya mtu anaogelea. Akasema hongera, lakini ile programu umeiweka kweli? Mbona mimi sijapata hata ile meseji ya kukaribishwa?

Nikahisi baridi imeanza kwenye kisigino inapanda. Nikafungua programu. Msimamizi: Athman Ami. Taarifa zilizotumwa leo: 41.

Jamani. Saa ile Ami anakuwa Mkunguni na wazee wenzake mbele ya ngome wanakunywa kahawa, na Ami Kiingereza hasomi, kwa hivyo lazima atampa mtu amsomee. Nikatoka mbio. Sasa wageni huwa wanazipiga picha hizi njia zetu nyembamba, wanasema nzuri, toka 2001 ni urathi wa dunia, mimi nawaambia hakuna kitu kibaya kama njia nyembamba ukiwa na haraka, manake katikati ya njia nikakutana na punda wanne wana mifuko ya mchanga, wamesimama, mwenye punda anaongea na mtu dirishani. "Simile! Simile!" Nani akusikie. Punda wa mbele akaniangalia machoni kabisa, akakojoa. Ikabidi nimsubiri amalize.

Nlipofika nikamkuta mwalimu mmoja mstaafu ameishika simu ya Ami mbali na uso, miwani kwenye pua, na wazee sita wameinama. Ami alidhani ni benki imemtumia pesa za harusi. Mwalimu akasoma kimya kwanza, akameza mate, halafu kwa ile sauti yake ya darasani akatafsiri: "Ndugu msimamizi, mtu wako leo amejaribu kuangalia mambo ya ngono mara 41."

Ile ngome ilimalizwa 1821, imeona mengi, lakini sidhani kama ishaona haya.

"Arobaini na moja?" mzee mmoja akauliza. "Yeo tu?"

Nikapayuka. Nikasema Ami si mimi ni kuchinja! Wakaona nimerukwa na akili. Ikabidi nikae chini nieleze, herufi kwa herufi, kwamba ndani ya kuchinja kuna lile neno, na ndani ya tutakodi kuna jingine. Ami akasema haya, andika tuone. Nikaandika kuchinja. Simu yake mkononi mwa mwalimu: ting! Wazee wakasogea. "Andika nitakoga." Ting! "Andika Uchina." Ting! Ikawa mchezo, kila mtu na neno lake, mmoja ni malenga akaleta "tutakomboka", ting, wakampigia makofi, mwingine akasema kuchipua, mwingine akataja neno halikulia akazomewa. Nikaona nimepona, nacheka na mimi, hata kahawa nikapewa.

Halafu muuza kahawa, ambaye hakuwa amesema kitu, akawa anasuuza vikombe, akauliza bila kuniangalia: "Sasa hii programu wewe uliiweka ikuzuie nini?"

Wakanyamaza wote. Mimi nikaangalia upande wa bahari kama kuna boti naisubiri. Ukitoa Ramadhani, siku ya kwanza kwa miaka mitatu sina kosa, ndo siku nliyoshikwa, na ili nijitetee kwa siku moja ilibidi nikiri miaka mitatu. Nikakiri, kwa maneno machache sana.

Ami akaichukua simu yake kwa mwalimu, akaifuta kwa kikoi. "Hiyo namba ya siri imo humu?"

"Imo, Ami."

"Itakaa humu."

Na imekaa. Harusi ilipita salama, ng'ombe walichinjwa, simu yangu inalala sebuleni, na kusema kweli siku nyingi siikumbuki. Ila juzi nliamka kwenda kunywa maji, na sebule iko njiani. Sikukaa hata dakika mbili. Simu ikalia mkononi, Ami.

"Hapa pameingia moja. Ni kuchinja au ni yenyewe?"

"Ni kuchinja, Ami."

"Saa nane za usiku unachinja nini?"