Kwa nini dripu inaheshimiwa kuliko pakiti

Kwenye duka moja la dawa Manzese nilimsikia mama aliyebeba mtoto mgongoni akilalamika: "Dada, nimetoka hospitali sasa hivi. Mtoto anaharisha tangu jana, wamenipa haya maji ya chumvi tu, hata dripu hawajamtundikia." Pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, alizishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

Simcheki. Dripu unaiona ikidondoka na unajua imeingia, ilhali nyumbani hujui mtoto kameza kiasi gani. Tena mgonjwa wa kipindupindu anaweza kupoteza hadi lita nzima kwa saa. Akishalegea, mapigo ya mkononi hayashikiki, hana nguvu ya kumeza, huyo ni wa dripu na haraka: mtu mzima hupewa mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake ndani ya nusu saa ya kwanza. Hapo hakuna ubishi.

Ubishi ni kwa hao wengine, ambao ndio wengi. Tunadhani utumbo unaoharisha umeharibika, kwa hiyo cha mdomoni kitapita tu. Sivyo. Kila seli ya utumbo imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta, mwembamba kiasi cha nanomita 7 hivi. Chumvi haikatizi mafuta. Inapitia kwenye protini zilizopachikwa humo, na kila protini ina mzigo wake. Sumu ya kipindupindu haitoboi utando huo. Chumvi ina sehemu mbili, sodiamu na kloridi; sumu inaifanya seli iache wazi njia ya kloridi, chumvi inamwagika nje na maji yanaifuata. Lakini kuna protini nyingine inayoingiza sodiamu mbili pamoja na glukosi moja, ambayo ni aina ya sukari, na hiyo sumu haiigusi. Mwanabiokemia Robert Crane aliieleza kazi ya namna hiyo mwaka 1960, huko Prague. Glukosi isipokuwepo, protini hiyo haibebi sodiamu. Sukari ya kwenye pakiti, basi, haikuwekwa kwa ajili ya ladha.

Na hapa ndipo pakiti inapoharibiwa jina. Ikichanganywa sawasawa, lita moja ina milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi, na ukali wote, yaani wingi wa vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji, ni miliosmoli 245. Ulikuwa 311 mpaka WHO ilipoushusha mwaka 2002, maana hata tofauti hiyo ilionekana kwenye choo cha mtoto. Sasa pakiti ya lita imimine kwenye chupa ya nusu lita, kwa kuwa ndiyo iliyopo: umefika 490. Ongeza vijiko viwili vya sukari ili mtoto aipende, au mpe soda kabisa. Utando unapitisha maji kuelekea kwenye ukali, kwa hiyo maji yanatoka mwilini yanarudi utumboni. Mtoto anaharisha zaidi, na mama anasema si niliwaambia.

Kuhusu nyumbani kutokuwa na uhakika: mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi Bongaon, India, dripu zilipokuwa zinaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwaachia ndugu wa wagonjwa wa kipindupindu wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Lawama moja ya akina mama naikubali: ORS haikatishi kuharisha. Inarudisha maji tu, na vidonge vya zinki ndivyo vinavyopunguza siku. Hilo wahudumu wangelisema mapema.

Yule muuzaji alichukua chupa tupu ya lita moja na nusu, akapima, akachora mstari kwa kalamu ya wino. "Jaza mpaka hapa, pakiti nzima. Kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika kumi uanze tena."

"Na sukari nimwongezee kidogo?"

"Hata punje, mama."

Mama aliitazama chupa, akauliza dripu hapo dukani ni shilingi ngapi.