Mtindo wa Mama Mdogo

Ugomvi wa stokingi ulianzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, siku dada yangu mkubwa alipotangaza sare ya kina mama kwa ajili ya sendofu ya binti yake. Blauzi ya krimu, sketi ya zambarau inayoishia chini kidogo ya goti, viatu vyeusi vya kufunika vidole, na stokingi. Hilo la mwisho aliliandika kwa herufi kubwa, maana anatujua.

Dada ni katibu muhtasi mstaafu. Alisomea Uhazili Tabora, akaja kupiga taipu katika maofisi ya Posta enzi ambazo katibu hakuonekana mezani na miguu mitupu. Miaka ya themanini mwanzoni, wakati hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, stokingi zake alizilinda kuliko mshahara. Uzi ukifumuka tu, anauwahi na tone la rangi ya kucha kabla haujapanda gotini. Mtu wa namna hiyo utamwambiaje kwamba stokingi zimepitwa na wakati?

Mabinti wakamwambia hivyo hivyo. Mmoja wao, yule aliye chuo, akaleta na historia: stokingi za kuvuta mpaka kiunoni zilitoka Marekani mwaka 1959, kwa mwenye kiwanda cha nguo wa North Carolina aitwaye Allen Gant, na huko wana baridi yao. "Mama mkubwa, hapa Dar Februari ni nyuzi 32 kivulini, na unyevu juu yake. Mtapikika."

Dada hajibu kwa maandishi akikasirika. Akarekodi sauti ndefu, ya kusikilizwa huku umekaa. Kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, nailoni ilipochukuliwa kutengenezea miamvuli ya askari wa kurukia kutoka kwenye ndege, wanawake wa Kizungu walijipaka rangi miguuni, kisha wakachora mstari nyuma ya mguu kwa wanja wa nyusi ili waonekane wamevaa. "Walichora! Nyie zinauzwa mpaka barabarani mnaniletea habari za nyuzi joto!"

Kundi likanyamaza. Kisha wifi yangu akaandika, "Mimi zitanisaidia, mapaja yangu yanasalimiana sana," na mjadala ukaishia hapo, kwa sababu shemeji zetu wa kiume nao wamo humo.

Mimi nilikuwa upande wa dada. Miguu ya mwanamke wa umri wetu imeshaona mengi: makovu ya mbu, alama ya baiskeli ya utotoni, mishipa iliyotoka ikajichora yenyewe bila wanja. Kitu cha kuisawazisha rangi hiyo yote ni rafiki. Asiyetaka asivae, kitenge kipo. Nisichokipenda ni kupimwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza kupiga marufuku sketi fupi na mawigi, amri ikaanza Januari 1969, na dada anakumbuka wasichana walivyokuwa wakipishana na vijana wa operesheni hiyo wakiwa wamezishusha sketi kiunoni. Wakati ule tulionyesha miguu mno. Sasa tunaambiwa tunaifunika mno. Hawa wapimaji hawastaafu.

Basi nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, kutafuta rafiki huyo.

Kijana wa kwanza alikuwa na mguu wa plastiki umesimama juu ya meza, mweupe, mwembamba, hauna goti la kueleweka. "Mama, hii hapa rangi ya mwili."

"Mwili wa nani?"

Akaangalia mkono wake, akaangalia wangu, akaangalia stokingi, ambayo ilikuwa ya rangi ya biskuti. Akairudisha. Akachomoa nyingine ya rangi ya kahawa, ambayo kwa kweli ilikuwa imenikaribia.

"Saizi?"

"Fri saizi. Hizi zinavuta, mama. Mtu yeyote anaingia." Akaingiza ngumi na mkono mpaka kwenye kiwiko kunithibitishia. Nilitamani kumweleza kwamba mimi sina mpango wa kuivaa mkononi. Nyuma ya pakiti palikuwa na jedwali la urefu na kilo, mistari imepanda vizuri kabisa, ikaishia kilo kadhaa kabla ya kufika kwangu. Uzi ulikuwa namba 15, ule mwembamba. Za 40 ndizo imara, lakini nilipozifikiria pamoja na lile joto nikaona heshima nayo ina mipaka yake. Shilingi elfu tatu, nikalipa.

Siku ya sendofu umeme ulikatika mchana kutwa. Feni imesimama, mimi nimekaa kitandani Tabata nimejimwagia poda kuanzia kiunoni mpaka vidoleni, na stokingi imegoma kwenye shavu la mguu. Nailoni na jasho haviivani. Unavuta, inakwama, unavuta zaidi, inanyooka yenyewe bila kupanda. Wifi alikuja kunipitia, akanikuta mguu mmoja umevaa na mwingine unapukutika poda. Akanilaza chali, akanishika miguu yote miwili juu, akaanza kuvuta upande huu na upande ule huku akihesabu kwa sauti. Mjukuu wangu akachungulia mlangoni, akakimbia kwenda kusema bibi anabadilishwa nepi.

Ikapanda, lakini haikufika. Ile sehemu ya katikati, inayotakiwa kukutana na mwili pale juu, ilisimama chini kidogo ya makazi yake. Lastiki nayo ikakaa chini ya tumbo badala ya juu yake. Wifi akaitazama kwa makini. "Itapanda yenyewe ukitembea."

Wanawake wenzangu, stokingi haipandi yenyewe. Dunia hii ina mvutano, na mvutano unaelekea upande mmoja tu.

Kwenye bajaji, kila tuta la njia ya Sinza liliiambia lastiki neno. Tulipofika ukumbini ilikuwa imejiviringisha na kuhamia kwenye nyonga. Nikamwambia wifi nakimbia chooni mara moja. Wakati huo huo MC akatangaza kwamba kina mama wa upande wa bibi harusi wajipange mlangoni, muziki uko tayari, na mama mdogo ndiye anatangulia. Dada akanitazama. Ule mtazamo wa katibu muhtasi, anayekuona umechelewa kuleta faili.

Nikapewa zawadi nibebe: seti ya sufuria, kubwa kwa ndogo, zimefungwa karatasi ya kung'aa. Mikono yote miwili ikaisha hapo.

Aliyewahi kwenda sendofu anajua kina mama hawaingii tu. Wanaingia wakicheza, polepole, kutoka mlangoni mpaka mbele walipokaa bibi harusi na wakwe, na ule ukumbi ulikuwa mrefu. Hatua za mwanzo nilizipiga vizuri. Kwenye kuyumba kushoto nikaisikia lastiki inavuka nyonga, na baada ya hapo hakukuwa na kitu cha kuizuia. Nikabana mapaja. Ikasimama katikati ya mapaja, imeyafunga pamoja, nikawa natembea kama kuku aliyefungwa miguu kupelekwa sokoni: hatua ndogo, magoti yamegusana, kiuno kinaenda kule kwa sababu miguu imekataa.

Yule MC alikuwa mtu wa kazi yake. "Ooooh! Mwoneni mama mdogo! Mtindo huo! Anapita kwa madaha, jamani!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nikageuza shingo kidogo kumwomba wifi msaada kwa macho. Wifi alishabana magoti yake. Na aliye nyuma yake. Mstari mzima wa kina mama wenye sketi za zambarau ulikuwa umebana magoti, unakata hatua za kuku, unacheka kwa furaha. Mpiga video akapiga goti mbele yangu na taa yake. Nikainama kidogo kuficha, wote nyuma wakainama. Nikasimama kupumua, wakasimama. Nikajaribu kuivuta kwa kiwiko kupitia juu ya sketi, kiwiko kikapepea, na ukumbi ukaona viwiko vya kina mama wote vinapepea. MC akapanda juu ya kiti.

Nikawaza wale askari wa mwaka 1940 na kitu. Hii ndiyo nailoni iliyowashusha kutoka angani salama, taratibu, mpaka chini.

Na chini ilifika. Tulipokaribia meza ya wakwe ilibidi nipige goti kutoa zawadi, na goti haliwezi kupigwa mapaja yakiwa yamebanwa. Nikachagua adabu. Nilipoinuka, stokingi ilikuwa imekaa juu ya viatu, mikunjo mikunjo, rangi ya kahawa, mbele ya baba mkwe, mjomba wa bwana harusi na mchungaji.

Baba mkwe akaanza kusoma kadi ya ratiba ya shughuli. Aliisoma pande zote mbili, na upande wa pili haukuwa na maandishi.

Aliyeniokoa ni bibi yake bwana harusi, kikongwe mdogo wa mwili aliyekuwa ametulia kwenye kiti chake tangu mwanzo. Aliinuka, akafungua kanga yake ya juu, akaja akipiga kigelegele kana kwamba ananitunza kwa kucheza vizuri, akanizungushia kanga kuanzia kiunoni mpaka chini. "Toa kiatu," akaninong'oneza. Nikatoa. "Na cha pili." Alikanyaga ile stokingi kwa ncha ya kandambili yake, mimi nikachomoa miguu, naye akainama kama anaokota hela za kutunzwa. Ilipotea kwenye mkoba wake kabla mpiga video hajageuza taa. Watu wakapiga makofi wakidhani ni mila ya upande wao. Nikarudi kwenye kiti changu nimeandikwa nyuma, kwa herufi nyeusi, *Siri ya mtungi aijuaye kata*.

Baadaye, wakati wa chakula, nilimfuata kumrudishia kanga na kumwomba mzigo wangu.

"Shikamoo bibi. Nimekuja kuchukua ile..."

"Marahaba. Ile unaivaa tena?"

"Hapana, bibi."

"Basi niachie. Vitunguu vinakaa vizuri mno humo, unafunga fundo kila kimoja, hewa inapita. Ukipata nyingine niletee." Akanitazama miguu, mitupu, na mishipa yake yote. "Mimi nilidhani umeficha kidonda."

Dada hakusema kitu usiku ule, wala hakunilaumu. Kesho yake alipoingia kwenye kundi alituma tu tangazo la sare ya harusi: vitenge, gauni refu mpaka chini, viatu mtu atachagua mwenyewe. Neno stokingi halikuwamo. Yule binti wa chuo aliweka kidole gumba, akakiondoa haraka.

Lakini ile video ilishatoka. Wiki hiyo hiyo kina mama wa upande wa bwana harusi wakampigia dada simu, wanaomba kwa heshima kabisa wafundishwe ule mtindo, wao wataingia nao siku ya harusi. Nilikuwa nimekaa pale pale, nikamwashiria akatae. Dada akarekebisha miwani, akawajibu kwa sauti yake ya ofisini kwamba mwalimu yupo na atakuja Jumamosi, ila vifaa kila mtu ajinunulie mwenyewe, vinapatikana Mtaa wa Kongo, elfu tatu.