Shemegi, Jeki na Ghorofa ya Bi Mkubwa

Mtu akikaa Marekani miaka mingi hakosi kurudi na jambo. Kuna wanaorudi na lafudhi, kuna wanaorudi hawawezi tena kukaa juani. Shemegi yangu, mume wa dada, alirudi na maradhi ya usawa.

Kule Ohio starehe yake ni kulenga shabaha, na risasi huzijaza mwenyewe nyumbani, sheria ya kule inamruhusu. Ganda likishapigwa halitupi. Anasema baruti ikiripuka, ganda la shaba hutanuka likajaa ile nafasi ya ndani ya bunduki, na likitoka halina tena umbo lake la kiwandani. Basi hulisafisha, hulipaka mafuta, kisha hulishindilia ndani ya kalibu ya chuma kwa mashine ya mkono mpaka lirejee. Ganda lina shingo na lina mabega, na fitina yote imo mabegani. Yanatakiwa yarudi nyuma elfu mbili tu za inchi, yaani inchi moja uikate vipande elfu, uchukue viwili. Yakirudi kupita kiasi, shaba hunyooka kila ikipigwa, na mwisho ganda hukatika karibu na kitako. Yasiporudi vya kutosha, bunduki hugoma kufunga. Na si ganda moja, yote yawe sawasawa.

"Yakhe," nikamwambia, "mie inchi naigawa nane, na hapo mteja awe mkorofi."

Akanitazama kwa huruma.

Bunduki hapa kwetu ni mambo ya vikosi, naye analijua hilo, kwa hiyo hakubeba hata ganda moja. Alibeba kalipa yake ya kupimia, yenye kioo cha namba, na simu iliyojaa picha za mabega ya maganda. Dada anasema picha za harusi yao hazifiki nusu.

Mie ni seremala wa milango. Karakana yangu ni chumba cha chini nilichopanga kwa Bi Mkubwa, mwenye nyumba, anayekaa juu, Mkunazini, na wakati ule nilikuwa na mlango wa hoteli ulioanguka njumu zake nyingi, vile vikofia vya shaba vyenye mwiba nyuma. Wanaotembeza watalii huwaambia wageni kuwa njumu asili yake ni India, za kuzuia tembo wasisukume milango. Unguja hatuna tembo, tuna wenye hoteli, nao husukuma zaidi. Huyu wangu alitaka njumu mpya zote ziwe na kimo kimoja. Shemegi kusikia "kimo kimoja" akavua saa.

Fundi kereza alitutolea kalibu na mchi wake. Unakata duara la bati la shaba, unaliweka mdomoni mwa kalibu, mchi unalisukuma ndani, inatoka kofia. Ya nguvu tukaazima jeki ya lori, tani 10. Sasa jeki kazi yake ni kusukuma juu, lazima pawe na kitu cha kuipinga. Shemegi akainua macho darini. Boriti za mikoko, zimelala pale tangu enzi za Masultani. (Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa vyumba vya Mji Mkongwe, ndiyo maana humo ndani kitanda kikubwa hukibadilishi upande.)

"Hii haitikisiki," akasema.

Tukasimamisha jeki sakafuni, juu yake kalibu, juu ya kalibu mchi, juu ya mchi gogo la mvule, na gogo likabana boriti.

Kofia ya kwanza ilikwama kavu, ikatolewa kwa patasi na matusi. Shemegi kwao hutumia mafuta ya sufu ya kondoo. Hapa tulipata mafuta ya nazi ya mke wangu, ya nywele, na kwa kuwa yalikuwa ya bure tukayamwaga. Napo balaa, maana mafuta yakizidi hukosa pa kwenda yakaibonyeza shaba, na njumu zikatoka na vishimo vya mashavuni. Ukipaka kwa ncha ya kidole tu, yanatosha.

Ikaja kalipa. Kofia hii milimita 9.4, hii 8.8, hii 9.7. Kwa macho yangu zote ndugu. Shemegi hakulala.

Mshitakiwa wa kwanza akawa shaba. Shaba ikifinywafinywa huwa ngumu, na ikiwa ngumu huruka nyuma ukishaiachia, kwa hiyo ilainishwe kwa moto, na yote kwa kiasi kimoja. Lakini wekundu wa kwanza wa moto hauonekani kwenye mwanga. Basi tukangoja baada ya Isha, tukafunga madirisha, tukazima taa. Wanaume wawili gizani, mmoja ana moto wa gesi, mmoja ana koleo, vikofia vinawiva kwa wekundu hafifu halafu "chwii" ndani ya ndoo. Mtoto wa jirani alikuwa na jicho kwenye tundu la ufunguo. Asubuhi pale barazani tulikuwa tushakuwa wafuga majini, na kufika adhuhuri mtu mmoja alishaniomba nimtazamie simu yake iliyoibiwa.

Vimo bado havikulingana. 9.3, 8.9, 9.6.

"Basi ni mwendo," akasema Shemegi. "Mie kule nikifika mwisho natulia, nahesabu, ndipo naachia. Hapa wewe unasukuma na kuachia tu."

Ilikuwa Ijumaa alasiri, na juu Bi Mkubwa alikuwa na wageni waliokuja kumposa mjukuu wake. Kahawa, halua, mkeka mpya.

"Pampu." Nikapampu.

"Tulia." Nikatulia.

"Ongeza kidogo."

Mchi ulikuwa umeshafika chini zamani, shaba haina tena pa kwenda, lakini mkono wa jeki ulikuwa bado unanikubalia. Nikajiuliza: kinachopanda sasa ni nini? Boriti ikalia. Chokaa kikamwagika kichwani kwa Shemegi, akazeeka papo hapo.

Huko juu, tulivyosimuliwa, sinia ya halua iliondoka yenyewe upande wa kina bibi harusi ikaenda kusimama mbele ya washenga, na finjani zikaifuata. Tangu sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kale la Masultani, ilipoporomoka Disemba 2020, mtu wa Mji Mkongwe akisikia nyumba inalia hangoji kuuliza. Washenga walishuka ngazi makubadhi mkononi. Na mji huu, ukumbuke, ni urithi wa dunia tangu 2000. Nilikuwa nimeunyanyua kwa jeki ya kuazima.

Mie nimeganda. Shemegi anacheka kwa furaha.

"Nimeipata! Ni dari! Kila tukisukuma linapanda, na kila mara kwa kiasi chake! Shaba haina kosa!"

Bi Mkubwa akatokea mlangoni, mtandio begani, birika mkononi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema Shemegi. "Sakafu yako ina springi."

"Marahaba. Mie nimezalia watoto saba juu ya sakafu hii, leo wewe uliyeshuka ndege juzi ndiye wa kunambia ina springi?"

Akamwomba ruhusa apande akapime imepanda kiasi gani. Birika likainuka. Nikamvuta shati.

Akaja fundi wa nyumba za mawe, tukaishusha jeki polepole chini ya usimamizi wa mtaa mzima. Boriti hazikuvunjika. Kabati la Bi Mkubwa, ambalo mlango wake haukuwa ukifunga, sasa linafunga. Mlango wa choo, uliokuwa ukifunga, hausogei. Posa ilikubaliwa, washenga wakisema halua imejileta yenyewe.

Tukachomelewa fremu ya chuma gereji moja ya Mwanakwerekwe, jeki ikawa inapingwa na chuma, na njumu zikatoka pacha. Shemegi alizipima zote, akazipiga picha, akarudi Ohio ameridhika. Mwenye hoteli alipokuja hata hakuziangalia, alikuwa akigombana na rangi ya mbao.

Mwisho wa mwezi nikapanda kwa Bi Mkubwa na bahasha ya kodi. Akahesabu, akanirudishia mkononi.

"Haitoshi, mwanangu. Nyumba mmeipandisha wenyewe. Na kodi nayo imepanda."