Huyu si yule

Kwenye matanga huko Seme, Kisumu, mwaka jana, mjomba wangu aliniuliza mbele ya watu zile nywele za minyoo nilizokuwa nikihesabu nikiwa chuoni ziliishia wapi. Aliuliza kwa nia njema, na watu wakacheka kwa nia njema pia. Nikamjibu kwa adabu kwamba sijamaliza kuhesabu, mazungumzo yakarudi kwenye bei ya mahindi. Lakini jibu lile halikunitosha. Nimekaa nalo moyoni tangu siku ile, na leo nataka kumjibu mjomba ipasavyo.

Minyoo ninaowazungumzia si wale wa tumboni. Hawa ni wa baharini, jamaa ya nyungunyungu tunaowachimbua shambani mvua ikinyesha, ila kila pingili ya mwili wao ina vijiguu viwili vya nyama, kimoja kila upande, na kila kijiguu kimeota shungi la nywele ngumu. Wataalamu huwaita polikaeta, yaani wenye nywele nyingi. Waliokwisha kupewa majina duniani wanapita 10,000. Wanafukua matope, wanaingiza hewa chini ya mizizi ya mikoko, wanakula uozo, nao wanaliwa na samaki, kaa na ndege. Mvuvi wa mshipi anawajua kwa sababu ndio chambo chake.

Mimi niliwajua Gazi, kule Kwale. Mzee mmoja mchimba chambo alinifundisha kuwatoa: jembe unalitia pembeni mwa tundu, halafu unapapasa kwa vidole na kumfuata mnyoo taratibu, maana ukivuta kwa pupa unabaki na nusu. Siku ya tatu nilimwonyesha mmoja mrefu, wa rangi ya damu iliyoanza kukauka, nikasema huyu ni yuleyule wa jana. Mzee akamgeuza kiganjani.

"Huyu si yule, mwanangu. Yule wa jana ukimvuta anakatika. Huyu anavutika. Na samaki changu hampendi huyu."

Kitabu nilichokuwa nacho hakikujua tofauti hiyo. Kwangu mimi wote wawili walikuwa Marphysa mossambica, jina alilolitoa Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1854 kwa mnyoo aliyemkusanya Msumbiji. Nikarudi maabara nikiwa na chupa mbili na maneno ya mzee.

Mjomba, kazi ya kuhesabu nywele ni hivi. Unamlaza mnyoo kwenye kisahani cha kioo chini ya darubini, unakata kijiguu kimoja kwa wembe, unakiweka kwenye tone la gliserini na kukifunika kwa kioo chembamba. Mwanzoni huoni ila ukungu. Unarekebisha lenzi polepole, polepole zaidi, mpaka nywele zinajitokeza, zina rangi ya asali, na hazifanani. Kuna ndefu zilizochongoka kama mkuki. Kuna zenye kiungo, kama kisu cha kukunja. Na katikati yake kuna vitana. Nasema vitana nikimaanisha vitana kweli, vyenye mpini na meno, vidogo hata jicho tupu haliwezi kuviona. Idadi ya meno, unene wake, kama jino la pembeni limezidi mengine urefu: hayo ndiyo yanayoweza kumtenga ndugu na ndugu. Halafu unahesabu matamvua yanaanzia pingili ya ngapi, unaangalia taya, unachora kila kitu kwa mkono.

Mnyoo wa jana alikuwa na vitana vya meno mengi membamba. Wa mzee, meno machache manene. Nilihesabu mara nne kabla ya kuamini macho yangu.

Sasa, kuona tofauti si kueleza aina mpya. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinadai uandike kwa maneno ni nini hasa kinachomtenga huyu na wengine, umteue mnyoo mmoja awe shahidi wa jina hilo daima, na useme amehifadhiwa wapi. Kabla ya hapo lazima uwe umewapitia ndugu zake wote wenye majina. Na hapo ndipo nilipokwama. Sampuli za Peters zilipelekwa Berlin. Mtaalamu wa viumbe Cyril Crossland alikusanya minyoo Zanzibar na pwani yetu mwaka 1901 na 1902, na maelezo yake yakachapishwa London. Mwanafunzi asiye na nauli ya Berlin anabaki kulinganisha vitana vyake na mchoro wa zamani wa mtu mwingine. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimewatia minyoo wangu wote kwenye formalini, ambayo inashika umbo vizuri lakini inaharibu vinasaba. Ningalitenga vipande vichache tu kwenye spiriti kali, leo ningekuwa na ushahidi wa pili. Kosa hilo bado linaniuma.

Mtu atauliza, kwani jina likikosewa nani anaumia? Natoa mfano mmoja. Marphysa sanguinea ni jina lililotolewa kwa mnyoo wa pwani ya Devon, Uingereza. Kwa miaka mingi likabandikwa minyoo wa karibu kila bahari, hata wale ambao wavuvi wa Afrika Kusini huwachimba kwa chambo. Mnyoo aliye kila mahali hana haja ya ulinzi, ndivyo ofisi inavyofikiri. Walipokuja kutazamwa kwa makini, yule wa Afrika Kusini hakuwa wa Devon hata kidogo. Akapewa jina jipya mwaka 2008, na baadaye ikabainika kuwa alikuwa na jina lake halali tangu 1866, limesahauliwa tu. Mnyoo anayeishi pwani moja akichimbwa kupita kiasi hana wa kumrithi kutoka Ulaya. Kama hujui kwamba yeye ni yeye, utajuaje kuwa anapungua?

Sisi wa ziwani ndio tuliopaswa kulijua hili kuliko wote. Mbuta, yaani sangara, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akalipuka miaka ya 1980, na fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, wakatoweka kwa makundi. Makadirio yanayotajwa sana ni aina kama 200. Wengi wao hawakuwahi kupata jina rasmi. Ngege, samaki wa jamii ya tilapia, alibahatika: mtaalamu wa samaki Michael Graham alimpa jina lake la kisayansi mwaka 1928, baada ya kulipima ziwa, na ndiyo maana tunaweza kumtaja, kumtafuta kwenye mabwawa madogo, kumsikitikia. Juzi nilikuwa Dunga, ufukweni mwa ziwa huko Kisumu, nikaona vifulu viwili vitatu vimechanganyika na omena, yaani dagaa, kwenye karai. Nikamwuliza mama anayeuza, hawa ni fulu gani? Akaniangalia kwa huruma. "Fulu tu, mwanangu." Marehemu nyanya yangu alikuwa akiwatofautisha kwa rangi na kwa ladha. Nilikuwa mdogo, sikuandika hata moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia serikali isipoteze shilingi kwa watu wa kuhesabu nywele za minyoo, nasema hapana, na sisemi kwa unyonge. Tunasomesha vijana wengi wa kupima samaki kwa kilo na wachache mno wa kumtambua kiumbe kwa jina. Ningependa kila chuo chenye idara ya zuolojia, kuanzia Maseno hadi Mombasa, kiwe na angalau mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Na aina yoyote mpya kutoka kwenye matope yetu, mnyoo shahidi wake alazwe Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako mtoto wa Gazi au wa Seme anaweza kufika kwa basi na kumwona.

Jina lenyewe pia si lazima litoke Kilatini. Kanuni zinaruhusu neno la lugha yoyote. Mwaka 2005 tumbili wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania aliingia kwenye vitabu kwa jina la kipunji, kama wawindaji wa Kinyakyusa walivyokuwa wakimwita siku zote wakati watafiti wakidhani ni hadithi.

Mnyoo wa mzee bado hana jina. Desemba nikifunga kazi nitapanda gari la usiku hadi Mombasa, kisha matatu hadi Gazi. Nimeshanunua spiriti, chupa ishirini ndogo zenye vifuniko vya kubana, na daftari jipya. Safari hii nitaanza kwa kumwomba mzee anitajie wote anaowajua, mmoja mmoja, na niandike kabla ya kugusa jembe.