Krismasi ya Leipzig na Krismasi ya Machame, kila moja ina mlango wake uliofungwa

Kila ikifika Disemba kuna video flani inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kanisa la Ulaya limegeuzwa baa, na chini yake watu wanatiririka tu, "Wazungu walituletea Mungu afu wao wakamwacha". Mwenzenu naishi Leipzig, Ujerumani, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, naomba niseme kidogo maana naona tunawalaumu pasipo na lawama na pale penye lawama tunapita.

Kwanza Leipzig na Kilimanjaro hatuko mbali kama mnavyodhani. Wamisionari wa Kilutheri walioanza kazi Machame mwaka 1893 walitumwa na misioni ya huku huku. Ndo maana nikiingia kanisani kipindi cha Majilio, zile wiki nne za kusubiri Krismasi, tuni nyingi nazijua, ni zile zile za kitabu chetu cha nyimbo cha KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, mi naimba Kiswahili chini chini wao wanaimba Kijerumani na ubeti tunamaliza pamoja.

Na ni kweli Jumapili za kawaida makanisa hayajai. Upande huu wa mashariki watu wengi hawana dini kabisa, miaka 40 ya serikali ya kikomunisti sio mchezo, mtoto wa mchungaji alikuwa anaweza kunyimwa chuo kwa sababu tu baba yake ni mchungaji. Lakini ni watu wa mji huu huu walikuwa wanakutana kanisa la Mtakatifu Nikolai kila Jumatatu kuombea amani, mpaka tarehe 9 Oktoba 1989 wakatoka barabarani watu kama 70,000 bila silaha, na mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Kwahiyo mtu akiniambia hawa hawajawahi kujua kuomba namwangalia tu.

Mambo ya sadaka nayo yapo tofauti. Huku ukijiandikisha ukasema wewe ni Mlutheri, kodi ya kanisa inakatwa kwenye mshahara kabla hujauona, hapa kwenye jimbo letu la Saxony ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, usipotaka unaenda ofisi ya serikali unajitoa rasmi. Hakuna bahasha, hakuna kusomwa jina, hakuna mzee wa kanisa anakuja kuulizia ahadi ya mwaka. Mi mwanzoni nilisikia raha sana, yani amani! Baadae nikagundua na ukiumwa wiki mbili hakuna wa kuulizia pia, maana yule yule aliyekuwa ananisumbua na bahasha kule nyumbani ndo aliyekuwa anakuja na jumuiya kuniombea kitandani.

Wanachonishinda hawa watu ni kusubiri. Jumapili nne kabla ya Krismasi wanawasha mshumaa mmoja, wiki inayofuata wa pili, hivyo hivyo mpaka minne, na hata wasio na dini wanafanya. Madirishani wanaweka upinde wa mbao wenye taa maana saa kumi jioni giza limeshaingia. Lile soko lao la Krismasi lipo toka 1458, japo tusidanganyane, wengi wanaenda kunywa ile waini ya moto. Sisi Majilio tunaona kitambaa cha zambarau madhabahuni basi, akili zote ziko kwenye nauli ya Dar kwenda Moshi na nani anachangia ng'ombe.

Sasa njoo tarehe 24. Saa nane mchana maduka yamefunga, hujanunua mkate imekula kwako mpaka tarehe 27. Jioni ibada inajaa hadi watu wanasimama, watoto wanaigiza Mariamu na Yusufu, safi kabisa. Afu ikifika saa moja usiku mtaa mzima kimya, kila familia imejifungia na mlango wake, na ni familia kweli, baba mama watoto na bibi labda. Huwezi kwenda kugonga. Sio ubaya, ndo walivyolelewa.

Mi usiku huo huwa nipo zamu, wenye watoto wadogo wanapewa ofu kwanza. Kuna mzee mmoja pale, mwanae alikuja saa tisa na maua na boksi la biskuti, saa kumi na nusu akaaga, anawahi chakula nyumbani kwake. Mzee akakataa kuvuliwa tai. Akala saladi ya viazi na soseji (ndo chakula chao cha mkesha huku, msinicheke) na tai yake shingoni, akaniuliza kwenu mnakula nini leo. Nikamwambia kesho ni mbuzi. Akauliza mbuzi mzima mnakula wangapi, nikashindwa kumjibu kwa sababu kwa kweli hatujawahi kuhesabu.

Kwetu mbuzi wa Krismasi anachinjwa na mzee jirani yetu Mwislamu, anaitwa asubuhi na mapema kabla hatujaenda ibadani, anachinja ili na yeye na wanawe na wote wa njia ile wale. Hakuna anayekuuliza umealikwa na nani. Watoto wanapita nyumba kwa nyumba, huku pilau kule mtori, wazee mbege. Hicho ndo wenzetu huku hawana na nasema wazi hata ujazwe taa mji mzima hakizibiki.

Ila na sisi tusijisifu sana, maana mlango wetu uko wazi kwa mgeni ila kwa mtu wa kwetu aliyefulia umefungwa, ni vile tu hatuutaji. Disemba tukipanda kwenda nyumbani Kilimanjaro tunataniana Wachagga tunaenda kuhesabiwa, ni utani lakini kuna watu hawaendi makusudi. Gari la kukodi linapakiwa uani ionekane ni lako. Baada ya ibada kwenye mnada wa kanisa trei ya mayai inapandishwa bei mpaka inasahaulika kama ni mayai, wageni kutoka Dar mnaombwa msimame tuwaone. Sasa mtu kapoteza kazi mwezi wa nane asimame aonyeshe nini? Kaka yangu biashara ilikufa, Krismasi ya pili sasa anabaki Mbagala, Dar, peke yake anasema "kazi zimebana mdogo wangu", kazi gani zinambana mtu tarehe 25. Ana ndugu kibao, ana kihamba (shamba la ukoo) cha baba, na yupo chumbani kama yule mzee wa tai. Na kwenye sikukuu yenyewe tunahubiriwa habari za mtoto aliyelazwa horini kwa kukosa nafasi nyumba ya wageni, tunasema amina tunaenda kuulizana nani hajaja na kwanini.

Mwaka huu nimeandika kwenye grupu la familia kwamba hela yangu ipo lakini inakata kwanza nauli ya kaka kwenda na kurudi, kinachobaki ndo mchango wa ng'ombe, na kama haitoshi ng'ombe basi wachinje mbuzi. Shangazi ameona meseji toka juzi hajajibu. Binamu mmoja kaniandikia pembeni eti natuma hela kwa masharti kama mfadhili. Sawa, mi mfadhili, ila tiketi nimeshakata.