Jiko lihamie ndani, au banda la uani litengenezwe?

Nyumba nyingi za Tabora mjini, Ng'ambo, Isevya na kwingineko, zina mpangilio uleule: nyumba kubwa mbele, ua katikati, nyuma jiko, stoo na choo. Sasa wenye nyumba wanataka jiko liingie ndani, liwe na sinki, kabati na marumaru. Wapo mafundi wanaoshauri chumba kimoja cha ndani kigeuzwe jiko na banda la nje livunjwe. Wengine wanasema nyumba iachwe, banda lilelile litengenezwe vizuri. Mabishano huwa juu ya kabati na rangi, ilhali kinachoamua ni moto: utapikia nini, mwezi hadi mwezi.

Wanaotaka jiko la ndani wana hoja nzito. Kuanzia Novemba hadi Aprili mpishi huvuka ua kwenye mvua akiwa na sufuria ya moto mikononi. Mtungi wa gesi ukilala nje huibwa. Maji ya Ziwa Victoria yamefika mjini, kwa hiyo kuvuta bomba hadi ndani kumekuwa jambo la kawaida. Isitoshe, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Anayejenga leo anajengea miaka hiyo.

Tatizo ni mkaa. Kaya nyingi zenye mtungi bado huchemshia maharage, kande na michembe kwenye mkaa, na hesabu yao inaeleweka. Plati moja ya gesi ikiwaka moto mkubwa hula kama gramu 150 hadi 200 kwa saa, yaani mtungi wa kilo 15 unakupa saa 75 hadi 100. Maharage ya saa tatu, mara tatu kwa wiki, ni saa 36 kwa mwezi, na hapo hujasonga ugali. Mtungi unaweza kuisha kabla ya mshahara. Siku hiyo jiko la mkaa huingizwa ndani “kwa leo tu”, mvua inanyesha, dirisha limefungwa. Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana watu huuona salama. Lakini hewa yake ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na inaua.

Kwa hiyo, kama huna uhakika wa gesi au umeme kwa mapishi yote, usivunje banda. Na kama fedha inatosha kazi moja tu, ianze uani. Inua bati, acha upande mmoja wazi kuanzia usawa wa kifua, jenga meza ya kupikia ya tofali na zege, na bomba la moshi litokeze juu ya paa kwa sentimita 60 au zaidi, la sivyo upepo utaurudisha moshi chini. Hoja pekee inayotikisa msimamo huu ni sufuria ya umeme ya presha. Maharage humo huiva kwa chini ya uniti moja. Familia iliyoizoea kweli, na ambayo umeme wake haukatikikatiki, inaweza kuhamia ndani bila wasiwasi.

Ukishaamua kuhamia, anza na ukuta. Nyumba za zamani mjini nyingi ni za tofali za udongo zilizopigwa plasta ya saruji, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na za kuchoma. Chukua msumari wa inchi 4, uugongee nyuma ya mlango pasipoonekana. Ukizama kwa mapigo mawili matatu na kutoka na vumbi laini la udongo, ukuta huo haubebi kabati la kuning'inia. Plagi za skrubu hulegea taratibu, kisha kabati linashuka na sahani zake zote. Weka kabati za kusimama sakafuni, na kaunta ijengewe miguu yake ya tofali. Marumaru za ukutani nazo, zikibandikwa juu ya plasta iliyoachana na udongo, hudondoka pamoja nayo. Gonga kwa vidole kwanza. Panapolia utupu, bandua.

Maji kuingia ni rahisi, kutoka ndiko kunakosumbua. Bomba la sinki liwe la inchi 2, lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita, na kila linapokata kona nje liwe na chemba. Chini ya sinki pawe na kile kiungo kilichopinda kinachobaki na maji, la sivyo harufu ya shimo italala nanyi. Sufuria zenye masizi zinazosuguliwa kwa majivu na mchanga zisifike kabisa kwenye sinki hilo, kwa sababu mchanga hukaa ndani ya bomba na mafuta huushika kama saruji. Koki moja ya uani inatosha kuliepusha, na hiyo ni sababu nyingine ya kutobomoa kila kitu nyuma.

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hujaa sakafuni, kwa hiyo dirisha pekee halitoshi. Toboa tundu la kupitisha hewa chini ya ukuta wa nje, usawa wa sakafu, ulizibe kwa wavu wa panya. Mpira usipite nyuma ya jiko penye joto. Kwenye umeme, soketi zitumie waya wa milimita 2.5, na jiko la umeme lenye plati lipate waya wake wa milimita 6 na breka yake ya ampea 32. Kuunganisha jiko kwenye waya wa soketi za kawaida huuchemsha waya ndani ya ukuta.

Kaunta ya zege ya sentimita 8, nondo za milimita 10 kila sentimita 15, kina sentimita 60. Imwagilie siku saba na usitoe mbao za chini kabla ya siku 14. Kimo cha 85 hadi 90 kinawafaa wengi, ila apimwe atakayepika: kaunta iwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hadi 15. Milango ya kabati ni heri iwe ya mninga, kwani bodi za unga wa mbao huvimba zikiguswa na maji, na mchwa wa huku huzimaliza. Dawa ya mchwa inyunyizwe kabla ya kumwaga sakafu mpya.

Kabla bomba halijafukiwa, ziba sinki, lijaze mpaka juu, lifungue kwa mkupuo huku mtu amesimama kwenye kila chemba. Maji yakichelewa au yakisimama popote, fundi alirekebishe siku hiyohiyo, mtaro ungali wazi.