Rudisha si rejesha

Kuna ugonjwa umeingia kwenye taarifa za habari na barua za ofisini: kila kinachorudi sasa "kinarejeshwa". Fomu inarejeshwa, kitabu cha maktaba kinarejeshwa, simu iliyookotwa inarejeshwa. Nadhani wengi wanaona rejesha ni rudisha iliyopigwa pasi.

Siyo. Rudisha, kwangu, ni neno la mkono: kitu kimetoka kwa fulani, kinarudi kwa fulani. Konda wa daladala akikaa na mia mbili yako, unamwambia "nirudishie chenji yangu". Jaribu "nirejeshee" uone atakavyokutazama; atadhani umetumwa na wakili. Mwanasiasa anayehamia chama kingine "amerudisha kadi", na ukisikia hivyo tu unajua wamegombana. Ndoa ikivunjika, wazee hukaa kujadili kurudisha mahari, tena kwa sauti za juu.

Rejesha inakaa vizuri pale ambapo hakuna wa kukabidhiwa, ila hali iliyopotea ndiyo inayotengenezwa upya. Amani inarejeshwa. Heshima inarejeshwa, na uoto wa asili pia. Asili yake ni Kiarabu, shina lile lile lililomo katika "inna lillahi wa inna ilayhi raji'un", ndiyo maana kwenye matangazo ya misiba tunasoma "kwake tutarejea". Tutarudi ingeeleweka, ila uzito ungepungua.

Mpaka wenyewe hauna ukuta, najua. Marejesho ya vikoba ni fedha taslimu, zinahesabiwa noti kwa noti mbele ya mweka hazina, na hakuna mama anayeziita "marudisho". Neno limeshuka mtaani kupitia mikopo, likapata makazi. (Mtu akikuambia "kesho nina marejesho", usimkope.) Mrejesho nao tumeupa kazi ya maoni yanayomrudia aliyeuliza. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni kwenye kitenzi. Umeme ukikatika usiku kisha taa zikawaka, watoto wa mtaa mzima hupiga kelele: "Umerudi!" Baadaye inaingia meseji kwamba huduma imerejeshwa. Wote wako sawa: watoto wanausemea umeme, ofisi inaisemea huduma. Lakini fomu ya uchaguzi mgombea aliichukua kwa mkono wake, mbele ya kamera. Aachwe airudishe.